Namba saba mwenye miaka 35: je, bado analipa?

Msomaji mmoja anayeishi Logan, kusini kidogo ya Brisbane, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Kazini kwetu, ghalani, tuko mchanganyiko: Wasamoa, Waaustralia, Wakongo, na sisi Warundi wawili. Tangu Brisbane Broncos wachukue ubingwa wa raga mwaka 2025 ubishi hauishi. Mimi nasema nahodha wao, Adam Reynolds, ndiye aliyewafikisha pale, na ng'ombe hazeeki maini. Mwenzangu anasema jamaa kazeeka, anaumia kila mara, mbio hana, na walioshinda ni vijana kina Reece Walsh, yeye kabebwa tu. Nani yuko sahihi? Na klabu ikimpa mkongwe mkataba wa mwaka mmoja mmoja, hiyo si dharau?"

Marahaba, ndugu yangu, na wasalimie wote hapo ghalani.

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Wewe uko karibu na ukweli kuliko mwenzako, ila sababu yako ni nyepesi. Kusema "yeye ni nahodha na kombe limekuja" hakuthibitishi kitu, maana kombe hubebwa na wengi na wengine hubebwa nalo. Mwenzako ana hoja mbili nzito, ya kuumia na ya vijana, na ukizipuuza atakushinda kila siku mbele za watu. Mimi ningekushauri uache kumtazama Reynolds peke yake. Thamani ya mkongwe wa nafasi ile huonekana kwa watu waliomzunguka: wanafanya nini akiwepo, na wanafanya nini asipokuwepo.

Kwa wasomaji wengine niseme kidogo kuhusu mchezo wenyewe, kwa sababu wengi wetu raga tunaijua kupitia wachezaji saba wa Kenya. Raga ya ligi, inayochezwa Sydney, Brisbane na kaskazini mwa Uingereza, ni mchezo mwingine. Kila timu ina watu 13. Ukiwa na mpira, unaruhusiwa kukabwa mara sita. Ukikabwa mara ya sita, mpira ni wa wapinzani. Ndiyo maana baada ya kukabwa mara ya tano timu nyingi huupiga mpira kwa mguu, ili wapinzani wakiuchukua wauchukulie mbali. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni pointi 4, na teke la kuongezea baada yake ni pointi 2. Namba 9 hapa si mshambuliaji wa kati kama kwenye soka. Ni yule anayeuokota mpira chini kila mwenzake anapokabwa na kuugawa. Namba 7 ndiye anayeamua mpira uende wapi. Reynolds ni namba 7.

Sasa chukua seti moja tu, kukabwa mara sita, uitazame nami. Broncos wameupata mpira mita kumi kutoka mstari wao wenyewe. Mara ya kwanza na ya pili wanakwenda wale wakubwa, watu wa kilo mia na zaidi, wanaingia ukutani kifua mbele. Kamera inawafuata wao. Wewe mtafute namba 7. Utamkuta nyuma yao hatua kumi na kitu, hana mpira, mkono mmoja juu. Anamwita mmoja wa wale wakubwa kwa jina, anamsogeza hatua tatu upande wa kulia, kwa sababu anataka mara ya tatu mtu akabwe pale pale, katikati ya uwanja. Katikati kuna faida: ukiupokea mpira hapo una uwanja pande zote mbili, na wapinzani hawajui teke litaelekea wapi. Mara ya nne anakimbia kama mtu anayeudai mpira. Beki mmoja anamfuata, na mpira unapita nyuma yake kwenda kwa mwingine. Mara ya tano unamfikia mikononi. Watu wawili wanamjia kwa kasi na ana sekunde moja na kidogo. Lakini alikwisha kuona, toka mara ya tatu, kwamba winga wa kule amesogea mbele hatua mbili. Teke linakwenda nyuma ya winga yule, linadunda kuelekea kona, na kijana wa watu inabidi ageuke, alikimbilie, alidake huku mgongo wake uko kwa watu wanaomfuata. Anaangushwa mita tano kutoka mstari wake.

Kwenye takwimu za mechi kitendo chote hicho kinaandikwa "teke moja". Mkono ule uliokuwa juu hauandikwi. Jina lililoitwa haliandikwi. Na wapinzani ambao sasa wanaanza kuusukuma mpira kutoka kwenye kona yao, wakichoka, wakirudia hivyo mara kumi na tano au ishirini kwa mechi, uchovu wao unaonekana dakika ya 65, pale kijana mwenye mbio anapopita katikati ya mabeki wawili waliochelewa nusu hatua. Kijana anapigiwa makofi, na anastahili. Ila mabeki wale walichoshwa na mtu mwingine, saa nzima kabla.

Hili ndilo mwenzako halioni. Anatazama mbio, na kwa mbio Reynolds hajawahi kuwa tishio hata alipokuwa na miaka 22.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ninaoujua ni wa mtu mwingine. Mwaka 2018 Cooper Cronk alikuwa na miaka 34 na ndio kwanza amehamia Sydney Roosters baada ya misimu mingi na mechi 323 akiwa na Melbourne Storm. Kwenye nusu fainali dhidi ya South Sydney, ambayo Roosters walishinda 12-4, alivunjika kombe la bega, ule mfupa bapa wa nyuma. Wiki moja baadaye ilikuwa fainali kuu, na wapinzani ni Storm wale wale. Kila mtu alijua kwamba mtu aliyevunjika bega hawezi kukaba wala kurusha pasi ndefu. Roosters wakampanga.

Itafute mechi ile uitazame, kipindi cha kwanza tu kinatosha. Mkono wake wa kushoto kama haupo. Mpira anaugusa kwa nadra, karibu mateke yote anapiga mwenzake Luke Keary, na kwenye ulinzi wenzake wanamkinga. Anachofanya Cronk ni kutembea nyuma ya safu yake na kusema. Ananyoosha kidole, anasema, anasogea, anasema tena. Alikuwa amecheza na Storm kwa miaka mingi. Aliujua mpango wao, aliijua namna nahodha wao, Cameron Smith, anavyopenda kuuanza mchezo, na kila walipojipanga aliwaambia wenzake kinachokuja. Mapumziko yalifika Roosters wakiongoza 18-0. Mwisho ikawa 21-6, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali akapewa Keary.

Keary aliistahili tuzo ile. Lakini jiulize: kwa nini Keary alicheza mechi bora ya maisha yake siku ambayo mtu wa pembeni yake alikuwa na mkono mmoja? Jibu langu ni kwamba siku ile hakulazimika kufikiri wapi mpira uende. Aliambiwa. Mtu asiyelazimika kufikiri kila kitu miguu yake huwa myepesi. Mwaka 2019 Roosters wakachukua tena, 14-8 dhidi ya Canberra Raiders, na Cronk akastaafu akiwa na ubingwa wa miaka mitatu mfululizo, mmoja na Storm na miwili na Roosters.

Somo hili mimi mwenyewe nililipata kwa kukosea. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kocha msaidizi wa klabu moja ndogo ya raga ya wachezaji 15. Tulikuwa na namba 10 wa miaka 34, mguu mmoja mzito, mazoezini anakuja siku mbili kati ya nne kwa sababu ya kazi. Nilimshauri kocha mkuu tumpumzishe tumwingize kijana, na kijana alikuwa mzuri kweli, anapiga teke mita nyingi kumzidi mzee. Kilichonishtua ni ukimya. Kuanzia jioni ya kwanza ya mazoezi uwanja ulinyamaza. Hakuna aliyeita "nyuma!", hakuna aliyeita "nimeshika ndani, wewe shika nje". Wachezaji wawili waligongana wakiufuata mpira mmoja, na hakuna aliyekuwa na kosa, kwa sababu kwa miaka sita kulikuwa na mtu mmoja aliyewaambia nani aende. Tulikuwa tumemhesabia mzee mateke na pasi zake. Sauti yake hatukuihesabu. Kijana aliumia zaidi kuliko sisi sote. Alipoteza kujiamini, na msimu uliofuata hakurudi. Mpaka leo naona deni lile ni letu makocha.

Turudi kwa Reynolds, maana kisa chake kina mafunzo pande zote mbili.

Ni mtoto wa Redfern, mtaa wenyewe wa South Sydney Rabbitohs, kwa kifupi Souths. Alianza kuichezea mwaka 2012, na mwaka 2014 alikuwa ndani ya timu iliyoichapa Canterbury Bulldogs 30-6 na kuipa klabu ubingwa wa kwanza tangu 1971. Fikiria hiyo: miaka 43, na kijana wa mtaa yupo uwanjani. Ilipofika 2021 alikuwa nahodha. Souths walikuwa na msimamo kwamba mchezaji aliyevuka miaka 30 hapewi mkataba mrefu, wakamwekea mezani mwaka mmoja. Broncos wakamwekea mitatu. Akaondoka.

Kabla hajaondoka aliifikisha Souths fainali ya 2021, wakafungwa na Penrith Panthers 14-12. Trai iliyowaua ilitokana na pasi ya Cody Walker iliyodakwa njiani na Stephen Crichton, lakini dakika za mwisho Souths walipofunga trai, teke la kusawazisha, karibu na mstari wa pembeni, lilikuwa la Reynolds. Likapita nje ya nguzo. Akajaribu tena kwa teke la mbali la pointi mbili, halikufika. Wapo waliosema siku ile kwamba Souths walifanya vizuri kumwachia. Mimi nasema kumpima mtu aliyecheza miaka kumi kwa mateke mawili ya dakika tano ni uvivu, na ubishi mwingi wa michezo huharibikia hapo.

Tazama badala yake kilichofuata pande zote mbili. Broncos aliokwenda kuwachezea walikuwa wamemaliza mkiani mwaka 2020, mara ya kwanza tangu klabu ianze 1988, na mwaka 2021 wakawa wa 14. Mwaka wake wa kwanza, 2022, wakawa wa 9. Mwaka 2023 wa pili, na fainali kuu wakafika. Mwaka 2024 wakaanguka hadi nafasi ya 12, msimu ambao yeye mwenyewe alikatika msuli wa mkono na kukaa nje wiki nyingi. Mwaka 2025 wa 4, kisha ubingwa, 26-22 dhidi ya Storm, wa kwanza tangu 2006. Upande wa pili, Souths walifika nusu fainali mwaka 2022 wakiwa na kijana Lachlan Ilias kwenye jezi ile, na ungesema sera yao imelipa. Lakini 2023 wakakosa mchujo, na 2024 wakawa wa 16 kati ya timu 17.

Usiende kumpiga mwenzako na namba hizo kama vile zimemaliza kesi. Souths walikuwa na majeruhi, Latrell Mitchell akiwa mmojawapo, na Broncos walikuwa wanakuza kizazi cha vijana wenye vipaji ambacho kingepanda hata kwa namba 7 wa kawaida. Ninachokiona mimi kwenye namba hizo ni kitu kidogo zaidi na cha uhakika zaidi: vijana wale walipompata mtu wa kuwaongoza walijua wafanye nini na vipaji vyao. Walsh ni mfano mzuri. Kijana yule anaelea nyuma ya safu akitafuta upenyo, na mbio zake ni za kutisha. Lakini mbio zinahitaji mpira ufike sekunde ile beki amekwisha kukanyaga upande mbaya. Ukifika mapema, beki amesimama sawa. Ukichelewa, mwanya umefungwa. Mtu anayeshikilia mpira nusu sekunde zaidi, akikubali kugongwa mbavuni ili beki amfuate yeye kwanza, ndipo autoe, ni mtu aliyejifunza kazi hiyo miaka kumi. Kijana wa miaka 21 hapendi kugongwa bila kupata jina lake kwenye ubao wa matokeo, na sitamlaumu.

Sasa hoja za mwenzako, maana nataka uende ghalani ukiwa umezijibu.

Kwanza, ule mkono juu hauokoi kila kitu. Fainali kuu ya 2023 Broncos waliongoza Penrith 24-8 zikiwa zimebaki dakika kama ishirini. Ezra Mam, mwenye miaka 20, alikuwa amefunga trai tatu. Hapo ndipo mkongwe analipwa hela yake: kuipoza mechi, kupiga mpira mbali, kula muda, kuwafanya wapinzani wakimbie mita mia kwa kila nafasi. Mechi haikupoa. Nathan Cleary wa Penrith, mwenye miaka 25 tu, aliichukua mikononi mwake, akafunga trai ya mwisho mwenyewe na kuipigia teke, 26-24. Kwa hiyo akili ya mchezo si mali ya wazee peke yao. Cleary anayo tangu ujana. Ukiwa na namba 7 wa miaka 25 mwenye akili ile, mkongwe huna haja naye. Shida ni kwamba watu kama Cleary ni wachache mno, na klabu nyingine 16 haziwezi kujipangia kana kwamba wanauzwa dukani.

Pili, ulinzi. Hapa mwenzako hajasema lakini angesema kama angekuwa anatazama vizuri. Kila timu inapocheza na Broncos inatuma watu wake wakubwa upande aliposimama namba 7. Si kwa chuki, ni hesabu. Mtu mwepesi, mwenye miaka 35, akimkaba mtu wa kilo 110 mara ishirini, teke lake la dakika ya 70 linapungua mita. Na anayecheza pembeni yake anajua hivyo, kwa hiyo anasogea ndani kumsaidia, na kusogea kule kunaacha uwazi nje. Tangu Mei 2020, mwamuzi anapoona uzembe fulani anaanzisha upya zile nafasi sita bila kusimamisha mchezo, basi mechi imekuwa ya mbio zaidi na mapumziko machache. Kanuni hiyo iliwapa vijana faida. Mkongwe anayedumu baada ya 2020 anadumu kwenye mchezo mgumu kuliko ule alioanza nao.

Tatu, na hii ndiyo nzito: kisa cha Johnathan Thurston. Sijui kama kuna namba 7 niliyempenda kumzidi. Mwaka 2015 aliipa North Queensland Cowboys ubingwa kwa teke la muda wa ziada, 17-16. Mwaka 2017 akaumia bega kwenye mechi ya majimbo, Queensland dhidi ya New South Wales. Kwa bega hilo hilo akapiga teke la ushindi, 18-16, na msimu wake ukaishia hapo. Watu wakasema Cowboys wamekwisha. Wakaingia mchujo wakiwa wa 8, wa mwisho kabisa kuingia, na wakaenda mpaka fainali kuu bila yeye, Michael Morgan akiwa ndiye dereva. Walifungwa fainali 34-6, lakini walifika. Mwaka 2018 Thurston akarudi kwa msimu wa kuaga, na Cowboys wakamaliza wa 13.

Kwa jicho langu, kilichotokea ni hiki. Mwaka 2017 walilazimika kuamua wenyewe, wakaamua, wakajua wanaweza. Mwaka 2018 mzee alirudi, na kila mpira wa mara ya tano wakageuza macho kwake tena, naye mwili haukuwa ule wa 2015. Sauti ile ile iliyowafanya wengine wepesi inaweza pia kuwafanya wasubiri. Hii ni hatari ya kweli ya kila mkongwe mkubwa, na hakuna namba ya takwimu itakayokuonyesha siku inapoanza. Kocha anaiona kwa namna moja: mkongwe anapokuwa nje, je, vijana wanapiga kelele uwanjani au wananyamaza? Wakipiga kelele, mzee amefundisha. Wakinyamaza, ametawala tu.

Broncos hapo wamejitahidi. Mwaka 2025 walimrudisha nyumbani Ben Hunt, naye wa miaka 35 hiyo hiyo, anayeweza kucheza 6, 7 na 9. Watu walishangaa wazee wawili wa nini. Jibu lilionekana kwenye mchujo wa kwanza dhidi ya Canberra, mechi iliyokwenda muda wa ziada na kuisha 29-28, teke la mwisho likiwa la Hunt. Ukijua mkongwe wako ataumia, na kwa umri ule ataumia, unaandaa mtu mwingine wa kunyoosha mkono juu. Kuumia kwake kukiisha kuingizwa kwenye hesabu hakuwi tena hoja ya kumfukuza.

Na vijana? Hapa gharama ipo, tusiifiche. Cronk alipokwenda Roosters, Mitchell Pearce, aliyeivaa jezi ile miaka mingi, alihamia Newcastle. Kila dakika ya mkongwe ni dakika ambayo kijana hakucheza. Njia bora niliyoiona ni ya Melbourne Storm mwaka 2020. Cameron Smith alikuwa na miaka 37, namba 9, akielekea mechi yake ya 430, ambazo ni nyingi kuliko za mtu yeyote katika historia ya NRL, ligi kuu ya mchezo huu Australia. Nyuma yake alikuwepo Harry Grant, kijana ambaye kila mtu aliona ni wa moto. Hawakumwacha Grant anuke jasho la benchi. Walimwazima kwa Wests Tigers msimu mzima akacheze kila wiki. Mwaka ule ule Grant akaichezea timu ya jimbo la Queensland, na Smith akaaga kwa ubingwa, 26-20 dhidi ya Penrith. Mwaka 2021 Grant akarudi nyumbani, Storm wakashinda mechi 19 mfululizo, na baadaye akawa nahodha wao. Ukitaka kujua Smith alikuwa na thamani gani, tazama kwamba alipoondoka nyumba haikuanguka.

Limebaki swali lako la mkataba. Kila klabu ya NRL ina kikomo cha mishahara, fungu moja la mamilioni ya dola ambalo lazima ligawanywe kwa wachezaji wapatao 30. Dola laki moja ukiiweka kwa mkongwe umeitoa kwa winga mwenye miaka 20 ambaye klabu jirani inamtaka. Kwa hiyo mkataba wa mwaka mmoja kwa mtu wa miaka 35 si dharau hata kidogo. Ni namna ya kusema: tutakaa chini kila mwaka tuutazame mwili wako pamoja, na wewe pia una haki ya kusema basi. Dharau ni kumpa mkongwe mwaka mmoja kwa sababu kitabu cha klabu kimeandikwa "30", bila kumtazama anacheza nafasi gani. Winga anayeishi kwa mbio akifika 31 ana kila sababu ya kuogopa. Namba 7 anayeishi kwa macho na teke anaweza kuwa na miaka mitano mbele yake. Souths waliwapima wote kwa kipimo kimoja. Broncos walimpa mitatu alipokuwa na miaka 30, na hawakujuta.

Mwambie mwenzako hivi, basi. Msipimane kwa magoli wala kwa kombe. Mechi ijayo ambayo Reynolds atacheza, kaeni pamoja, kila mmoja na karatasi, dakika ishirini tu kuanzia mapumziko. Mpira uacheni. Kila Broncos wanapokabwa mara ya tatu, andikeni namba 7 amesimama wapi na mkono wake unaelekea wapi. Kisha andikeni teke la mara ya tano limeangukia wapi. Halafu chukueni mechi ambayo hakucheza mfanye vile vile. Kama karatasi mbili zitafanana, mwenzako kashinda, na uniandikie uniambie, nitakubali. Kwa zile nilizofanya mimi mwenyewe hazijafanana bado.